Kijana Anayekwenda Virginia, 1622: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Meli

Koloni la Virginia, huko Amerika Kaskazini, lilikuwa na umri wa miaka 15 tu mwaka 1622, na tayari lilikuwa limezika maelfu. Tangu Mei 1607, Waingereza walipojenga ngome yao ya Jamestown kando ya mto James, hadi 1624, watu wapatao 6,000 walivuka Atlantiki kwenda huko. Wachache walirudi kwao. Hesabu ya watu iliyofanywa mwanzoni mwa 1625 iliwakuta hai kama 1,200. Wengi wa wasafiri hao walikuwa vijana wasio na mali, waliolipiwa nauli na mtu mwingine na kuahidi kumfanyia kazi kwa miaka kadhaa.

Ukizisoma barua, orodha na kumbukumbu za mahakama zilizobaki kutoka koloni lile, unaona kwamba uhai wa kijana uliamuliwa kwa sehemu kubwa akiwa bado Uingereza: na karatasi aliyoitia alama, mwezi aliosafiri, na kilichokuwa ndani ya sanduku lake. Watu wa London walioendesha biashara ile walilijua hilo. Kijana wa miaka 14 au 18 mara nyingi hakuambiwa. Ninayapanga hapa yale aliyostahili kuambiwa, na ninamwandikia yeye mwenyewe.

Anza na karatasi. Mkataba wa utumishi huandikwa nakala mbili katika ukurasa mmoja wa karatasi au ngozi, kisha hukatwa katikati kwa mstari wa menomeno. Bwana huchukua kipande kimoja na wewe kingine, na siku ya ubishi vipande viwili vikilingana meno, mkataba ni wa kweli. Kitunze kipande chako kuliko unavyotunza viatu. Usikubali nahodha akuwekee. Mtu aliyefika bila karatasi alihesabiwa miaka kwa desturi ya nchi, na desturi hiyo hutungwa na wenye mashamba. Baraza la koloni lilipokuja kuiandika kuwa sheria mwaka 1643, aliyezidi miaka 20 alitumikia minne, wa miaka 12 hadi 20 alitumikia mitano, na mtoto wa chini ya miaka 12 alitumikia saba. Tazama jinsi mzigo unavyoongezeka kadiri mbebaji anavyokuwa mdogo.

Kabla hujaweka alama, mwambie anayejua kusoma akusomee mambo manne: miaka mingapi, kwa nani, kazi gani, na siku ya mwisho utapewa nini. Hilo la nne ndilo husahaulika. Desturi ni kumpa mtumishi aliyemaliza muda mahindi na nguo. Ardhi ni hadithi nyingine. Tangu 1618 Kampuni ya Virginia, iliyoendesha koloni kwa hati ya mfalme, ilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyevushwa, lakini ekari hizo humwendea aliyelipa nauli. Wewe unavuka, yeye anapata shamba. Ukitaka ardhi mwishoni, iandikwe. Maneno ya mdomoni bandarini Gravesend hayafiki Jamestown.

Jua pia kwamba mkataba unauzwa. Bwana aliyekuchukua London anaweza kukuuza kwa mwingine ukiwa hujakaa hata mwezi, na anaweza kukuchezea kamari. Mwaka 1623 mtumishi mmoja, Thomas Best, aliandika kwao kwa uchungu kwamba bwana wake amemuuza kama mtumwa. Kwa hiyo uliza kama mkataba unaruhusu kuhamishwa, na kwa nani.

Wapo ambao ushauri huu hauwafai kitu, kwa sababu hawakuulizwa. Mwaka 1619 jiji la London lilituma Virginia watoto 100 waliookotwa mitaani. Jiji lilichanga paundi 5 kwa kila mtoto, paundi 3 za nauli na 2 za nguo. Kundi la pili lilipoandaliwa, baadhi ya watoto walikataa kwenda, na mwanzoni mwa 1620 Baraza la Mfalme likatoa idhini walazimishwe. Watoto hawa walikuwa wameambiwa kwamba wanaokolewa na njaa.

Baada ya karatasi, uliza mwezi. Safari ya kwanza ilianza Desemba 1606 na kufika mwishoni mwa Aprili 1607, miezi minne na zaidi. Baadaye meli zilitumia wiki nane hadi kumi na mbili hivi, zikipata upepo mzuri. Hesabu mwezi wa kufika kuliko mwezi wa kuondoka. Kufika Juni au Julai ni kutua katikati ya homa na joto, mwili ukiwa umechoka kwa bahari. Walowezi wenyewe walikuwa na jina la kipindi hiki cha kuugua kwa mgeni. Walikiita kuzoeshwa nchi, na aliyekimaliza akiwa hai thamani yake ilipanda, kwa maana bwana alijua hatamzika upesi. Afadhali kufika majani yanapopukutika. Baridi ya Virginia ni kali, lakini inaua wachache kuliko kiangazi.

Maji yanahitaji maelezo marefu kidogo, maana kijana wa London hadhani kama maji ya mto mkubwa yanaweza kumuua. Jamestown iko mahali ambapo maji ya mto hukutana na ya bahari. Kiangazi mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda hadi ngomeni na kukaa hapo, na uchafu wa watu unakaa nayo. Maji yakijaa yana chumvi, yakitoka yanaacha tope na uvundo. Waliotua Mei 1607 walikuwa watu 104, wanaume na wavulana. Hadi Septemba karibu nusu walikuwa wamekufa, kwa kuhara damu, homa na njaa. Tena walikuwa wameingia nchi katika ukame: miti ya kale ya eneo hilo, ikipimwa pete zake, inaonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa mikavu kuliko mfululizo wowote wa miaka saba kwa karne nyingi. Uliza, basi, shamba unalopelekwa liko wapi. Juu zaidi ya mto, penye chemchemi au kisima kizuri, ni salama kuliko ngomeni penyewe. Kama huna uchaguzi, usinywe maji ya mtoni wakati wa kiangazi ukiweza kupata mengine.

Sasa sanduku. Hapa tuna bahati, kwa kuwa mwaka 1622 Kampuni yenyewe ilichapisha orodha ya vitu ambavyo kila msafiri anapaswa kubeba, na ikakiri mwanzoni kabisa kwamba watu wamepata taabu kwa kwenda bila mahitaji. Naipenda orodha hiyo kwa sababu haina porojo. Kofia moja ya sufu iliyofumwa. Mashati matatu. Suti tatu: ya turubai, ya sufu nzito, na ya kitambaa cha kawaida. Soksi ndefu za Ireland jozi tatu. Viatu jozi nne, na viatu ndivyo vinavyoisha kwanza kwenye ardhi ya visiki na maji. Kitambaa cha turubai cha kushona godoro, ambacho utakijaza nyasi au majani ukifika. Kingine cha godoro la baharini, na hilo ni la watu wawili, na blanketi moja zito la watu hao wawili. Jiandae, kijana, kulala ubavu kwa ubavu na mtu usiyemjua kwa miezi miwili au mitatu.

Chakula cha mtu mmoja kwa mwaka: unga busheli 8, karibu debe 15 za kwetu, njegere kavu busheli 2, oti busheli 2, galoni moja ya pombe kali, galoni moja ya mafuta na galoni 2 za siki. Nyavu, ndoana na mishipi vimetajwa mwishoni kabisa, kama nyongeza. Mimi ningevitanguliza. Mto James na ghuba yake vimejaa samaki na chaza, na watu walikufa njaa kando yake kwa kukosa vyombo na ujuzi wa kuvua.

Silaha ni bunduki ndefu, upanga, ratili 20 za baruti na ratili 60 za risasi, pamoja na vazi jepesi la chuma. Zana zinahesabiwa kwa kaya ya watu sita: majembe mapana 5 na membamba 5, mashoka ya kuangushia miti 5, vishoka, misumeno ya mkono na ya watu wawili, nyundo, mabeleshi, masululu, keekee, patasi, kinoo na misumari. Jikoni ni chungu cha chuma, birika, kikaango kikubwa, sahani na vijiko vya mbao. Ukijumlisha na nauli ya paundi 6 na gharama ya mzigo, jumla inafika karibu paundi 20, fedha ambazo kibarua wa shambani Uingereza hakuzipata kwa mwaka mzima.

Ndiyo maana kijana maskini hawezi kuifuata orodha hii peke yake. Anamtegemea bwana aibebe kwa niaba yake. Basi iwe sehemu ya mapatano: vitu gani bwana atatoa, na vingapi vitakuwa vyako wewe, vyenye alama yako. Richard Frethorne, mtumishi kijana aliyepelekwa shamba la Martin's Hundred, aliwaandikia wazazi wake majira ya kuchipua ya 1623 akihesabu alichonacho: suti moja duni, viatu jozi moja, soksi jozi moja, kofia moja. Koti lake lilikuwa limeibwa na mtumishi mwenzake, ambaye alilibadilisha kwa siagi na nyama melini. Linganisha hesabu hiyo na orodha ya Kampuni iliyochapishwa mwaka mmoja tu kabla. Shona jina au alama ndani ya kila vazi, na lala juu ya koti lako.

Kazi yenyewe ni jembe. Wengi walioahidiwa ufundi waliishia shambani, maana tangu John Rolfe alipofaulu kuotesha tumbaku tamu ya Karibiani, kuanzia 1612, koloni zima lilishikwa na zao hilo. Tumbaku ilitumika hata kama fedha. Miche huoteshwa kitaluni mwishoni mwa baridi, huhamishiwa kwenye matuta mwezi Mei, na kuanzia hapo hakuna kupumzika: kupalilia, kukata kichwa cha mche, kung'oa machipukizi, kuokota viwavi jani kwa jani, kisha kuvuna na kukausha. Mahindi hupandwa kwenye matuta pamoja na maharage, kwa namna Waingereza walivyojifunza kwa wenyeji. Jioni, baada ya kutwa nzima ya jua, yapo mahindi ya kutwanga. Msomaji wa kwetu aliyewahi kushika mchi anaijua kazi hiyo. Kijana wa London hajawahi kuiona, na hakuna kazi watumishi waliyoichukia kuliko kinu cha usiku. Kama wazazi wako wana wiki chache kabla ya meli, wakupeleke kwa ndugu wa shamba ukajifunze kushika jembe na shoka, mikono ianze kuota sugu.

Unakwenda pia nchi yenye wenyewe. Eneo hilo wenyeji wanaliita Tsenacommacah, na Waingereza walipofika makabila kama 30 yalikuwa chini ya mtawala mmoja, Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Jifunze lugha yao mapema uwezavyo. Si kwa adabu tu. Wavulana waliojifunza ndio walioishi wakati wakubwa wao wakifa. Thomas Savage alifika 1608 akiwa na miaka 13, akatolewa kwa Powhatan kwa kubadilishana na kijana wa Kipowhatan aitwaye Namontack. Alikaa huko kama miaka mitatu, akawa mkalimani, na akaishi hadi miaka ya 1630 akiwa na ardhi yake upande wa mashariki wa ghuba. Henry Spelman alifika 1609 na miaka 14, akatolewa vivyo hivyo. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610, watu kama 300 waliojifungia Jamestown walibaki 60 hivi. Walikula mbwa, farasi, panya na ngozi za viatu, na hatimaye maiti. Mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza mabaki ya msichana wa Kiingereza wa miaka 14 hivi, fuvu lake likiwa na alama za kisu. Spelman majira hayo alikuwa akila mahindi kwa Wapatawomeck, kabila la wenyeji.

Usidhani hata hivyo kwamba ukijua lugha umesalimika. Tarehe 22 Machi 1622, Opechancanough, aliyekuwa ameshika uongozi wa wenyeji, alipanga mashambulizi ya siku moja dhidi ya mashamba ya walowezi, na watu 347 wakauawa. Sababu haikuwa siri: tumbaku ilikula ardhi mpya kila mwaka, na ardhi hiyo ilikuwa mashamba na mawindo ya watu. Spelman mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata mto Potomac. Anayekwenda baada ya Machi 1622 anakwenda vitani, na yeyote anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Frethorne aliandika kwamba wao walikuwa 32 tu wa kupigana, na kati ya 20 aliokuja nao nusu walikuwa wamekufa.

Chunguza bwana kama unavyochunguza karatasi. Ukiweza, tafuta mtu aliyerudi kutoka Virginia umuulize habari zake. Sheria ipo, lakini mahakama iko mbali na waamuzi ni mabwana. Mwaka 1624 mahakama ya Jamestown ilisikiliza ushahidi juu ya watumishi wawili vijana wa John Proctor na mkewe, Elizabeth Abbott na Elias Hinton, waliokufa baada ya kupigwa vibaya. Majirani waliona, wengine walimsihi bwana aache. Elizabeth alikuwa amekimbia mara kadhaa, na kila mara alirudishwa.

Kwa msichana, ongeza tahadhari. Mwaka 1621 Kampuni ilituma wanawake 57 kuwa wake wa walowezi, na mume alitakiwa kulipa ratili 150 za tumbaku bora. Hawa walikuwa na barua za mashahidi wa tabia na ahadi kwamba hawatalazimishwa kuolewa. Msichana mtumishi hana ahadi hiyo. Naye ahakikishe mkataba wake unataja nyumba anayokwenda na mama wa nyumba hiyo, wala asikubali kuandikwa kwa mwanamume asiye na mke.

Utawakuta huko pia watu wasiokuwa na karatasi yoyote. Agosti 1619 meli White Lion ilishusha Point Comfort Waafrika ishirini na kitu, waliotekwa vitani Ndongo, katika Angola ya leo, na kusafirishwa kutoka Luanda. Walinyang'anywa baharini kutoka meli ya Kireno. Walikuwa watu wa Kimbundu, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Mmoja wa waliokuja muda mfupi baadaye, Angela, ametajwa katika hesabu ya 1625 katika nyumba ya kapteni William Peirce, jina moja tu, bila miaka ya kumaliza kazi. Kijana wa Kiingereza alifanya kazi tuta moja na watu kama Angela, akala uji uleule. Tofauti yao ilikuwa kile kipande cha karatasi chenye menomeno, na kadiri miaka ilivyokwenda sheria za Virginia ziliipanua hadi utumwa wa maisha na wa watoto wa watoto. Asiyeelewa hili hawezi kuielewa nchi anayokwenda.

La mwisho ni mapatano na walio nyumbani, yafanywe kabla ya kuagana. Acheni jina la bwana, la shamba na la meli limeandikwa kwa mchungaji wa parokia, kwa kuwa barua huchukua miezi na nyingi hazifiki. Frethorne, aliyekuwa akiishi kwa njegere na uji wa maji, aliwaomba wazazi wamtumie jibini, siagi au nyama, na akawaeleza namna ya kufunga: jibini iwe kuukuu sana, ipangwe katika mapipa, na kati ya kila jibini na nyingine liwekwe tandiko la vipande vya mbao vya fundi mapipa, la sivyo joto la tumbo la meli litaiozesha. Aliahidi kuviuza vitakavyozidi na faida itumike kumkomboa. Kufikia Februari 1624 jina lake lilikuwa katika orodha ya wafu wa koloni. Kwa hiyo msingoje shida. Mtumeni kitu kwa meli ya kwanza inayofuata yake, kwa mtu mnayemjua kwa jina, na akabidhiwe mkononi. Na bei ya kununua miaka yake iliyobaki iandikwe ndani ya mkataba wakati bado mko London na bwana bado anamtaka kijana. Akishavuka bahari, bei hiyo anaitaja bwana peke yake.